Nimetoka Windows 10 kwenda 11 na mashine imekuwa nyepesi. Kwa nini?

#1 Kalamu_Nyeusi
Wakuu, salaam. Nina jambo nashindwa kulielewa. Laptop yangu ni Intel kizazi cha 8, RAM 8 GB, SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya 256 GB, na tangu niipate ilikuwa na Windows 10. Usaidizi wa 10 ulipoisha nikaipandisha kwenda 11 kwa njia ya sasisho la kawaida. Sikufuta mfumo, mafaili na programu zangu zimebaki kama zilivyokuwa.

Nilijiandaa kwa mabaya, maana kila niliyemuuliza aliniambia 11 ni nzito. Imekuwa kinyume. Folda zinafunguka papo hapo, kivinjari chenye kurasa kibao hakigandi, na nikifunua kifuniko mashine inaamka kabla sijakaa vizuri. Sura yake sijaizoea bado lakini hilo si neno. Swali ni hili: kwa nini iwe nyepesi wakati mashine ni ile ile?

#2 Jabali
SSD uliweka lini?

#3 Kalamu_Nyeusi
@Jabali ilikuja nayo. Ndiyo maana nimesema mashine ni ile ile, hakuna nati iliyofunguliwa.

#4 PopoMchana
Hii chai. Uzi bila picha ni batili.

#5 Kipima_Joto
Naweka kambi hapa. Ya kwangu bado iko 10 na ninaogopa kuigusa.

#6 Bi_Nywila
Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mtu akiona sura mpya, kila kitu kinamwendea haraka.

Mwaka 2008 Microsoft waliwaita watu waliokuwa wakiiponda Windows Vista wakawaonyesha mfumo "mpya" kwa jina la Mojave. Watu wakausifu. Mwishoni wakaambiwa kwamba walichokisifu ni Vista yenyewe. Kwa hiyo mleta mada, kabla hatujafungua mashine, tuanze na macho yako.

#7 Mzee_wa_Disketi
@Bi_Nywila umesimulia nusu, ngoja nimalizie. Wale wa Mojave walionyeshwa na mtu aliyeandaliwa, kwenye mashine iliyoandaliwa. Hawakusakinisha wenyewe, hawakuunganisha printa zao za zamani, hawakuishi nayo wiki. Na malalamiko ya Vista yalikuwa hapo hapo: draiva (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa) mbichi na mashine zisizo na RAM ya kutosha. Mleta mada yeye anafanya kazi na mashine yake mwenyewe, si maonyesho.

Mfano bora ni Vista kwenda Windows 7. Vista iliingia madukani Januari 2007, 7 ikaja Oktoba 2009, na dunia nzima ikasema 7 ni nyepesi. Angalia mahitaji yaliyoandikwa: 7 ya biti 32 ilitaka prosesa ya GHz 1 na RAM 1 GB, kiasi kile kile ambacho Vista kamili ilikitaka. Ni kweli 7 ilinyooshwa ndani. Lakini pia ilikuwa imepita karibu miaka mitatu, draiva zimeiva na mashine za watu zimeongezeka nguvu. Sifa zote akapewa mfumo.

Nasema haya kama mtu aliyepiga Windows 95 kwa disketi 13, moja baada ya nyingine, na ya kumi na mbili ikagoma kusomeka. Nyie mnalalamika kusubiri asilimia.

#8 PopoMchana
Mzee ameshafika kwenye disketi. Tulieni, bado hajaanza kadi za kutoboa.

#9 Jabali
Turudi kwenye mada. @Kalamu_Nyeusi swali la pili: ulipokuwa na 10, jioni ulikuwa unazima au unawasha upya?

#10 Kalamu_Nyeusi
Nazima kabisa, kila jioni. Sipendi kuiacha imelala.

#11 Jabali
Basi naanza kupata picha. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukibonyeza kuzima, programu zako zinafungwa kweli, lakini kiini cha mfumo na draiva havianzi upya. Hali yao inaandikwa kwenye diski, faili la hiberfil.sys, na kesho yake inarudishwa kama ilivyokuwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuzima kila siku kwa miezi na draiva iliyolewa ikaendelea kulewa. Anayeusafisha mfumo ni Restart, si Shut down. Ukitaka kuhakikisha, fungua Task Manager, upande wa Performance, bonyeza CPU, angalia pale Up time, yaani muda ambao mfumo umekuwa hai bila kuanza upya. Watu wengi hushtuka.

Kupandisha toleo kunalazimisha mashine iwake upya mara kadhaa. Wepesi unaousikia unaweza kuwa ule ambao ungeupata bure kwenye 10 kwa kubonyeza Restart.

#12 Kipima_Joto
Nimeangalia hiyo Up time sasa hivi. Sisemi ni ngapi.

#13 SwichiMoja
Mimi natofautiana na mleta mada kwa vitendo. Ya kwangu baada ya kupanda ilikuwa nzito ajabu, feni inanguruma hata nikiwa sijafungua kitu. Imekuja kutulia baadaye yenyewe. Kwa hiyo inakuwaje mwingine apate wepesi tangu mwanzo na mwingine mateso?

#14 Bi_Nywila
@SwichiMoja hayo yanajulikana. Baada ya kupanda, mfumo hupanga upya faharasa ya utafutaji, yaani unapitia mafaili yako yote. Programu za .NET nazo hutafsiriwa upya chinichini, antivairasi inachungulia kila faili jipya, na sasisho za draiva zinashuka kwa wakati huo huo. Anayepima mashine katika kipindi hicho anapima kazi ya usafi. Mwenye mafaili mengi anateseka zaidi, mwenye machache haoni kitu.

#15 Tufaha_Bovu
Si Windows tu. Sisi wa Mac kila toleo jipya likitoka ni kilio kile kile: betri inaisha, mashine ya moto. Ukifungua Activity Monitor unakuta mds_stores imeshika usukani, ndiyo Spotlight inapanga faharasa. Kisha programu ya Photos inaanza kuchambua sura za watu kwenye picha zako ukiwa umechomeka chaja. Ukiiacha usiku ikiwa kwenye umeme, malalamiko hupungua.

#16 PopoMchana
@Tufaha_Bovu hakuna aliyekuuliza una Mac, lakini tumeelewa.

#17 Fundi_Nati
Nimechelewa. Mleta mada, diski ilikuwa na nafasi kiasi gani kabla ya kupanda?

#18 Kalamu_Nyeusi
Karibu imejaa. Kisakinishi kilikataa kwanza, kikasema nafasi haitoshi, nikahamishia video zote kwenye diski ya nje na kuondoa michezo miwili mikubwa. Kwa nini?

#19 Fundi_Nati
Kwa sababu hapo ndipo jibu lako lilipo, kwa maoni yangu. SSD haiandiki juu ya kitu kilichopo kama diski ya zamani. Inaandika kwa kurasa ndogo lakini inafuta kwa bloku kubwa. Ikijaa, kila unapotaka kuandika kidogo inabidi ihamishe data huku na huku ipate bloku ya kufuta. Ukiipa nafasi, inapumua. Na RAM ikipungua Windows inakopa nafasi kwenye diski hiyo hiyo, faili la pagefile.sys. Mwenye RAM 8 GB na kivinjari chenye kurasa kibao anakopa kila siku.

Ni kama mtu aliyehama nyumba: anasifia nyumba mpya ina nafasi, anasahau kwamba nusu ya makorokoro aliyaacha alikotoka.

#20 Jabali
@Fundi_Nati nakubali upande mmoja. SSD iliyojaa inaumia kwenye kuandika, sawa. Lakini mleta mada amesema folda zinafunguka papo hapo, na hiyo ni kusoma. Kusoma hakuathiriki hivyo. Tena kuamka baada ya kufunua kifuniko hakuhusu diski kabisa, maana mashine iliyolala data yake iko kwenye RAM.

#21 Fundi_Nati
Folda ikifunguka haisomi tu. Inatengeneza vijipicha, inaandika kumbukumbu, antivairasi inapita. Hilo la kuamka nakuachia.

#22 Nahodha_wa_Kodi
Wakuu mnazunguka mbuyu. Windows 11 ina ujuzi wa kugawa kazi kwa prosesa, kuna kitu kinaitwa Thread Director. Ndiyo sababu. Uzi ufungwe.

#23 Bi_Nywila
@Nahodha_wa_Kodi usifunge bado. Thread Director ni kitu cha Intel, kimo ndani ya prosesa kuanzia kizazi cha 12, zilizotoka mwishoni mwa 2021, zenye viini vya aina mbili: vya nguvu na vya kubana umeme. Windows 11 ndiyo iliyofundishwa kukisikiliza. Mleta mada ana kizazi cha 8, viini vyake vyote ni vya aina moja. Hakuna cha kuelekezwa.

#24 Nahodha_wa_Kodi
Sawa, nimeelewa, asante. Lakini hoja yangu ina mguu wa pili. Toleo hili lilipotoka Oktoba 2021, Microsoft walieleza kwamba 11 inalipatia dirisha unalolitumia kipaumbele kikubwa zaidi cha prosesa, hata kama nyuma kuna mambo mengi yanaendelea. Na kuhusu kuamka walisema wamepunguza mvutano wakati michakato yote inapoamka pamoja na kugombania prosesa. Hilo halihitaji kizazi cha 12. Na linajibu lile la kifuniko ambalo Jabali amelikosea jibu.

#25 Jabali
Sijalikosea, sijalijibu. Ila hapa umesema kitu.

#26 Sungura_wa_Data
Mnajua kwamba 11 bado inajiita 10? Fungua kidirisha cha amri, andika ver, bonyeza Enter. Namba inaanza na 10.0. Toleo la kwanza la 11 ni 10.0.22000, lile la 23H2 (nusu ya pili ya 2023) ni 22631, 24H2 ni 26100. Ndani ni ukoo ule ule umevikwa kanzu mpya. Ndiyo maana simwamini anayesema ni nyepesi sana wala anayesema ni nzito sana.

#27 Mzee_wa_Disketi
Namba ya toleo haithibitishi kitu. Windows 7 ilijiita 6.1 na Vista 6.0, na hakuna aliyetumia zote mbili akasema ni kitu kimoja.

#28 Kipima_Joto
Swali la pembeni. Mimi nimeambiwa siwezi kupanda kwa kuwa RAM yangu ni 4 GB na wanataka 8. Na usaidizi wa 10 si uliisha tangu 2024?

#29 Bi_Nywila
@Kipima_Joto yote mawili hapana. Kiwango cha chini kilichotangazwa ni RAM 4 GB na diski ya 64 GB, ingawa kwa 4 GB utaota mvi ukisubiri. Vikwazo vya kweli ni vingine: TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwaka), na prosesa iliyomo kwenye orodha yao. Kwa Intel, ukiondoa wachache, orodha inaanzia kizazi cha 8. Kwa AMD inaanzia takriban Ryzen za mfululizo wa 2000. Mleta mada alipenya mlangoni kwa unywele.

Usaidizi wa kawaida wa 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa sasisho za usalama za nyongeza kwa watu binafsi hadi Oktoba 2026, lakini lazima ujisajili.

#30 Fundi_Nati
Na kabla hujaingia BIOS (mipangilio ya mashine inayotangulia Windows) kuwasha TPM au Secure Boot, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows. Jamaa yangu mmoja aligusa huko bila kujua diski yake imefungwa, mashine ikamdai ufunguo wa tarakimu 48. Aliupata kwenye akaunti yake ya mtandaoni, lakini jasho lilimtoka. Uandike kwenye karatasi kwanza.

#31 Pengwini_Mkavu
Prosesa ya zamani, RAM ndogo, hakuna TPM, hakuna kujisajili: Linux Mint. Asanteni.

#32 PopoMchana
Nilikuwa nahesabu posti ngapi zitapita kabla hujafika. Umechelewa leo.

#33 Pengwini_Mkavu
Nilikuwa nasasisha mashine. Ilimaliza bila kuniomba niiwashe upya 😀

#34 SwichiMoja
Kwenye Linux mbona printa yangu haikuwahi kuamka? Au niongee na pengwini mwenyewe?

#35 Pengwini_Mkavu
Hilo ni la mtengenezaji wa printa, si la pengwini.

#36 Tufaha_Bovu
Jibu hilo hilo tulilipata sisi wa Mac, na watu wa Vista kabla yetu.

#37 Kalamu_Nyeusi
Wakuu nimesoma zote, nashukuru. Nijibu machache. Up time ya zamani sikuwahi kuiangalia kwa hiyo hoja ya Jabali siwezi kuipinga wala kuikubali. Kuhusu macho, @Bi_Nywila, mimi sura mpya siipendi! Vitufe vimekaa katikati, nikibonyeza kulia kwenye faili menyu imekatwa nusu, kila kitu nakitafuta. Kama ni kipya kinyemi, kingeanzia huko.

#38 Sungura_wa_Data
Vitufe unavirudisha kushoto: Settings, Personalization, Taskbar, chini kabisa pana mpangilio wa upande. Menyu nzima ya zamani inakuja ukibonyeza Shift pamoja na F10 baada ya kuchagua faili. Kilichowauma wengi 2021 ni kwamba ule mstari wa chini haukuweza tena kuhamishiwa juu au pembeni, jambo lililowezekana tangu enzi za disketi za Mzee.

#39 Mzee_wa_Disketi
Mimi nilikuwa nauweka kushoto, wima. Sitaki kuzungumzia.

#40 Nahodha_wa_Kodi
Na zile pembe za mviringo za madirisha zinakula kadi ya picha, mnajua?

#41 Jabali
Zinakula kiasi gani? Weka namba. Uchoraji wa madirisha umekuwa kazi ya kadi ya picha tangu Vista. Kupinda pembe hakumuui mtu.

#42 Bi_Nywila
Kitu kinachokula kwa namba ni kingine: Memory integrity, ile kinga iliyomo Windows Security inayotumia mashine pepe kulinda kiini cha mfumo. Kwenye usakinishaji mpya wa 11 kwa kawaida inakuja imewashwa. Ukipanda kutoka 10 kama mleta mada, inabaki ulivyoiacha. Kwa hiyo watu wawili wenye "Windows 11" hawana mashine moja: aliyefuta na kupiga upya anabeba kinga, aliyepanda habebi. Labda kwa sababu hiyo mnaopishana hapa mnapishana. @SwichiMoja ulifuta au ulipanda?

#43 SwichiMoja
Nilifuta kila kitu nikapiga upya. Niliambiwa ndiyo njia safi.

#44 Fundi_Nati
Ni njia safi na bado nasimamia hivyo. Prosesa za Intel tangu kizazi cha 7, na AMD tangu Zen 2, zina msaada wa ndani unaofanya kinga hiyo iwe nafuu. Gharama kubwa inawapata wenye prosesa za zamani zaidi, ambao kwa kanuni hawaruhusiwi 11. Tusiibebeshe lawama zote. Na usiizime eti kwa sababu umesoma uzi.

#45 Sungura_wa_Data
Kuna na lile la AMD la Oktoba 2021. 11 ilipotoka tu, AMD wenyewe walitangaza kwamba kumbukumbu ya L3 (ile ya ndani ya prosesa) kwenye Ryzen inachelewa, programu zinapoteza asilimia 3 hadi 5 na baadhi ya michezo hadi 15. Likarekebishwa mwezi huo huo. Lakini sifa mbaya ya "11 ni nzito" ilishasambaa, na wengi wanairudia bila kujua ilitokea wapi.

#46 Kipima_Joto
Mleta mada, si urudi 10 tulinganishe? Nasikia una siku 30.

#47 Sungura_wa_Data
Ni siku 10. 30 ilikuwa zamani, Windows 10 ilipoanza mwaka 2015. Wakapunguza mwaka uliofuata. Ile folda ya Windows.old ikishafutwa, mlango umefungwa. Kuna amri ya DISM ya kurefusha hadi siku 60, ila uipige kabla muda haujaisha.

#48 Kalamu_Nyeusi
Sirudi. Nipimieni kwa njia nyingine.

#49 PopoMchana
Anaogopa kupata majibu.

#50 Kalamu_Nyeusi
Naogopa kupoteza jioni nzima. Ila kwenye Task Manager nimeona Last BIOS time imepungua kidogo kuliko nilivyozoea. Hiyo si ushahidi?

#51 Jabali
Hapana. Hiyo ni muda wa BIOS kabla Windows haijashika usukani. Haiwezi kukuambia lolote kuhusu 10 wala 11. Fungua Event Viewer, tafuta Diagnostics-Performance, tukio namba 100. Pale mfumo huandika muda wa kuwaka kwa milisekunde. Kama kumbukumbu za zamani hazikufutwa wakati wa kupanda, utaona kabla na baada.

#52 Kalamu_Nyeusi
Nimefungua. Zinaanzia siku niliyopanda. Za nyuma hazipo.

Lakini nimegundua kingine nikiwa napekua. Ile antivairasi ya majaribio iliyokuja na mashine haipo tena. Nakumbuka wakati wa kupanda kisakinishi kilisema kuna programu haipatani na toleo jipya, niiondoe ndipo kiendelee. Nilibonyeza bila kusoma.

#53 Fundi_Nati
Haya sasa! Tunaandika kurasa mbili kumbe mpangaji alishahamishwa. Folda zinafunguka papo hapo kwa sababu ile antivairasi haipekui tena kila faili, amebaki Defender ya Windows yenyewe.

#54 Nahodha_wa_Kodi
Muda wa majaribio ulikuwa umeisha au bado? Antivairasi nyingi zikiisha muda Defender inashika kazi na ile nyingine inabaki kupiga kelele tu.

#55 Kalamu_Nyeusi
Ilikuwa inanikumbusha nilipie kila nikiwasha. Kama ilikuwa bado inapekua, sijui.

#56 Jabali
Basi angalia na hili kabla hatujampa mtu kombe. Settings, System, Power & battery, Power mode. Kuna tatu: ya kubana umeme, ya wastani, na ya nguvu kamili. Baada ya kupanda, mpangilio huu unaweza usiwe ule uliokuwa nao.

#57 Kalamu_Nyeusi
Iko kwenye nguvu kamili. Sikumbuki kuiweka mimi. Nimeishusha ya wastani na kuwasha upya, nikafungua kurasa zangu zile zile. Feni imekuwa kimya zaidi. Wepesi uko pale pale, labda umepungua kidogo, labda ni nyie mmenitia shaka.

#58 Bi_Nywila
Macho.

#59 Fundi_Nati
Antivairasi na nafasi ya diski. Sihami.

#60 Nahodha_wa_Kodi
Kifuniko bado hamjakijibu zaidi yangu.

#61 Kipima_Joto
Mimi nimebonyeza Restart. Imekuwa nyepesi kweli, nadhani nitabaki 10 kwanza na kujisajili ule mpango wa nyongeza. Unajisajili wapi?

#62 Sungura_wa_Data
Settings, Update & Security, Windows Update, kiungo kinatokea pale kama umeshafika 22H2. Ukiwa toleo la nyuma hakionekani, sasisha kwanza.